Picha ya Moyo Wangu Ilipigwa Mapema Mno

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mama yake alipimwa moyo kwa MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, siku ya pili baada ya mshtuko wa moyo, ripoti ikasema kovu ni kubwa, naye akataka kujua kama aanze kuwaita ndugu. Nilikaa kimya na ujumbe ule kwa muda, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwaita.

Nilikuwa na miaka 51, na stenti, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo uliozibuliwa, ilikuwa haijamaliza siku mbili ndani ya mshipa wangu. Mashine ya MRI hugonga kama mafundi bati wa Gerezani pale Dar es Salaam, na katikati ya kelele sauti hukuamuru uvute pumzi, uitoe, kisha usipumue kabisa. Nilishindwa mara kadhaa, nikaona haya kusema, ingawa kupumua ovyo huharibu picha. Ripoti ilisema kila pigo moyo unasukuma asilimia 34 ya damu iliyo ndani ya chemba yake kuu na kovu limevuka nusu ya unene wa ukuta wa mbele. Daktari aliyenisomea hakuketi. "Mzee, sehemu hii ndiyo imekwenda," alisema, akaendelea na kitanda cha jirani.

Kanuni ya nusu ya ukuta aliyoitegemea, kwamba kovu likivuka nusu ya unene msuli huo hautarajiwi kupona hata mshipa ukizibuliwa, inafahamika tangu utafiti wa Chicago wa mwaka 2000, lakini wagonjwa 50 wa utafiti ule walipigwa picha kabla ya kuzibuliwa mishipa, ilhali mimi nilipigwa baada ya kuzibuliwa, kidonda kikiwa kibichi. Dawa ya gadolinia anayodungwa mgonjwa haiingii ndani ya seli iliyo hai. Hujaa pale seli zilipopasuka, na sehemu hiyo hung'aa. Siku za mwanzo msuli umevimba kwa maji, hivyo eneo linalong'aa huwa kubwa kuliko kovu litakalobaki, na wiki zinavyopita hupungua. Tena pembeni yake kuna msuli mzima uliozimia tu, ambao hausukumi leo lakini huweza kuamka.

Miezi minne baadaye, kwenye mashine ileile, moyo wangu ulisukuma asilimia 47. Sioni haya kujivunia namba hiyo, maana nilitembea kila alfajiri na sikuruka kidonge hata kimoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uliza picha ilipigwa siku ya ngapi. Usilinganishe asilimia ya eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na ya MRI kana kwamba ni mizani moja, wala usifanye sherehe au matanga kwa tofauti ya asilimia mbili. Sisemi picha ya mapema haina kazi, kwani huonyesha damu iliyoganda ndani ya chemba na vile vimishipa vidogo vilivyoziba, ambavyo huonekana vyeusi katikati ya weupe, na hiyo ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Ila picha hiyo si hukumu ya maisha. Hata miongozo ya tiba hutaka zipite angalau siku 40 kabla ya kuamua juu ya kifaa cha kustua moyo kwa kuangalia asilimia hiyo. Nasisitiza tena: uliza siku.

Mimi sikuuliza. Katika juma lile niliuza ekari mbili za Kibaha kwa bei ya mtu anayejiandaa kufa, na aliyenunua ameshapandisha ukuta hadi kwenye linta.