Saluni ya Mafunzo Imeniachia Nywele za Rangi Tatu

SWALI: Habari za kazi. Nywele zangu ni za asili, zikinyooshwa zinafika mabegani. Nilikwenda saluni ya chuo ambako wanafunzi hutengeneza kwa bei nafuu, nikaomba rangi ya asali na kupunguzwa ncha. Sasa mashina ni ya njano, katikati chungwa, na nchani, nilikopaka rangi nyeusi ya kudumu mwaka jana, hazijabadilika. Tena upande wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa vidole viwili. Nimenunua blichi, dawa ya kufifisha rangi ya nywele, nirudie mwenyewe nyumbani. Niendelee?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, dada. Iweke kando hiyo blichi. Nywele zilizotoka kuchomwa na dawa hukatika kwa urahisi zikirudiwa mapema, na kwa nywele za kipilipili huanza kukatikia pale pale rangi mbili zinapokutana.

Weusi hauondoki kwa mkupuo. Blichi huupunguza hatua kwa hatua: nyekundu ya kahawia, chungwa, kisha njano. Chungwa lako maana yake dawa ilisimama katikati ya kazi, mara nyingi kwa sababu ilikauka au fungu la nywele lilikuwa nene mno; fungu likizidi nusu sentimita, nywele za ndani hazipati dawa ya kutosha. Mashina yamekuwa njano kwa sababu joto la kichwa huharakisha blichi. Ndiyo maana fundi huacha sentimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ngozi, huanza na urefu, na mashina huyapaka mwisho. Wanafunzi wengi hugeuza mpangilio huu. Na nchani, rangi ya kudumu haing'oki kwa kupakwa rangi nyingine juu yake. Hata blichi huhangaika nayo.

Kabla ya lolote, chukua unywele mmoja uliodondoka, ulowanishe, uvute taratibu. Ukirefuka kidogo na kurudi, una nguvu. Ukirefuka bila kurudi, au ukikatika papo hapo, usipake kemikali yoyote kwa sasa.

Unywele ukiwa na nguvu, rudi chuoni ukaonane na mwalimu mwenyewe, na umweleze kuhusu ile rangi nyeusi. Usiombe asali tena; omba kahawia iliyokolea, rangi isiyo ya kudumu na isiyochanganywa na peroksaidi (kimiminika kinachoamsha blichi na rangi za kudumu). Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: kahawia yenye ubaridi, ile iliyo na buluu ndani yake, huua chungwa vizuri, lakini ikipakwa kwenye njano hutoa ukijani. Kwa hiyo katikati ipakwe kahawia baridi, mashina kahawia yenye joto, yaani isiyo na buluu, na ncha ziachwe. Wajaribu kwanza kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio, waoshe, wakaushe, ndipo waamue, maana rangi ikiwa mbichi hudanganya macho.

Nyumbani, osha mara moja kwa wiki kwa shampuu isiyo na salfeti na maji ya vuguvugu, kisha paka kondishena nzito, funika kwa kofia ya plastiki dakika 20 hadi 30. Dawa ya kulainisha usiiweke kabisa. Misuko ya kubana nayo isubiri.

Mkato urekebishwe baada ya rangi. Kosa la kawaida ni kukata nywele zikiwa zimejikunja: upande mmoja hujikunja zaidi, ukinyooshwa tofauti inajitokeza. Zinyooshwe kwa draya ya joto la chini, zigawanywe mafungu manne, kichwa kikae wima, kisha fungu la kushoto na la kulia vivutwe pamoja hadi kidevuni na kupimwa. Huenda vile vidole viwili vikawa kimoja tu.

SWALI: Je, niache kabisa kwenda kwa wanafunzi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Si lazima. Kusuka, kuosha na kupunguza ncha wanafanya vizuri wakisimamiwa. Kwa blichi, kaa tu kama mwalimu yupo chumbani tangu kuchanganya hadi kuosha. Uliza nguvu ya peroksaidi: asilimia 6 inatosha karibu na ngozi, wakitaja 12, kataa. Rangi ya kudumu ijaribiwe nyuma ya sikio saa 48 kabla. Ukiwashwa au kuvimba, usipakwe. Na usiwafiche kama umewahi kutumia dawa ya kulainisha, hina au piko. Baadhi ya hina za dukani zina chumvi za metali, na zikikutana na peroksaidi nywele hupata joto kali na kukatika.