Windows ya kwenye flashi ya fundi: jibu kwa ndugu wa Tabora

Usiipeleke laptopu hiyo kwa fundi kesho. Umeuliza mambo manne, yaani kivinjari gani kinatunza siri, kama ubaki na Windows au uhamie Linux (mfumo wa kompyuta wa bure), kama VPN ya bure (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye njia iliyofichwa) inafaa, na simu yako uifanyeje. Hapa nitajibu mawili ya kwanza tu. Lakini umetaja pia, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa kuna fundi karibu na stesheni atakayekuwekea kwa shilingi 10,000 "Windows nyepesi iliyoondolewa upelelezi" pamoja na kivinjari chake maalumu, vyote kutoka kwenye flashi yake. Niliposoma hapo tumbo lilinikata, kwa sababu mwaka juzi nililipa 15,000 kwa kitu kilekile, hapa Mwanga, Kigoma mjini.

Mimi nauza mawese na migebuka mikavu kwa wateja wa Dar es Salaam na Dodoma kupitia ukurasa wa mtandaoni. Nilikuwa nimesoma kwamba Windows huwatumia watengenezaji wake taarifa za matumizi, jambo ambalo ni kweli, na hofu ikanipeleka kwa fundi. Akanieleza kwamba toleo lake limekatwa kila kinachotuma taarifa, na kwamba hata Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, ameizima "kwa sababu nayo inachungulia". Mtu mwenye akili timamu angechukua kompyuta yake hapo hapo na kuondoka. Mimi nilimshukuru na kumnunulia soda.

Wiki ya tatu mteja wa Dodoma alinipigia kuulizia mzigo alioulipia, na mimi sikuwa nimepokea hata senti. Kumbe mtu alikwisha kuingia kwenye barua pepe yangu, akapitia humo hadi kwenye ukurasa wa biashara, akaweka namba yake ya malipo mahali pa yangu. Ndani ya ule mfumo "safi" kulikuwa na programu iliyokusanya nywila nilizohifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vyake, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha humo. Wengi hudhani vidakuzi ni vya matangazo tu, lakini kimoja kati yake ndicho kinachoiambia tovuti kwamba wewe umekwisha kuthibitishwa, kwa hiyo mwenye nakala yake anaweza kuingia bila kuulizwa nywila wala zile tarakimu zinazotumwa kwenye simu.

Kosa lililonigharimu zaidi, hata hivyo, nililifanya baada ya kujua kwamba nimeibiwa. Nilibadilisha nywila mara tatu, na mara zote tatu niliibadilishia kwenye kompyuta ileile. Nilikuwa kama mtu anayebadilisha kitasa cha mlango usiku huku mwizi yuko sebuleni anamshikia taa. Hasara ya mteja wa kwanza ilikuwa 180,000. Nilipomaliza kujifanya mtaalamu wa usalama, wateja walikuwa sita na fedha nilizowarudishia kutoka mfukoni mwangu zilikuwa 1,340,000, kwa kuwa jina la mfanyabiashara likichafuka halifuliki kwa sabuni ya mawese. Ni mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka chuoni, aliyeichukua kompyuta, akaikagua kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi aliyoiandaa mwenyewe, kisha akaniuliza kwa heshima kama nilikuwa namlipa mwizi mshahara.

Fundi naye nilimrudia. Alinitazama usoni na kuniambia, "Mzee, hiyo ni intaneti tu ya Kigoma." Sisemi kwamba ndiye aliyeitengeneza programu ile, naamini aliipata kwa wengine kama nilivyoipata mimi kwake. Ila mtu anayeuza ulinzi asioweza kueleza umetoka wapi ana hatia yake, na nikipita dukani kwake mpaka leo huwa naangalia upande wa ziwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usiingize kwenye mashine mfumo au kivinjari ambacho hukukipakua mwenyewe kwa mtengenezaji wake na kukihakiki. Kuhakiki si mapambo. Mnamo tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na kuelekeza kiungo cha kupakulia kwenye faili waliyoipandikiza mlango wa siri, na watu waliopakua toleo la 17.3 siku hiyo walikuwa kwenye tovuti sahihi kabisa. Ndiyo maana watengenezaji huchapisha alama za SHA256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) pamoja na saini yao ya kidijitali: unaikokotoa alama ya faili uliyoipata, unailinganisha na ya kwao, na herufi moja ikitofautiana unaifuta, hata kama bando limekwisha.

Sasa kuhusu mfumo: kama RAM yako ni GB 4 kama ulivyoandika, chukua Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, ambayo faili lake ni takriban GB 3, ukalipakue kwa bando la usiku na kuliandika kwenye flashi ya GB 8. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kung'ang'ania ya kukatwakatwa ni kununua mtumbwi uliotoboka kwa kuwa ni mwepesi. Kivinjari kiwe Firefox, ulinzi wake dhidi ya ufuatiliaji ukiuweka kwenye ngazi kali, na kiendelezi kimoja tu cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo na wafuatiliaji. Usitegemee dirisha la faragha, maana halizuii tovuti unazozitembelea kukufuatilia. Mwaka 2024 Google ilikubali kufuta kumbukumbu zilizokusanywa watu wakiwa ndani ya dirisha la namna hiyo kwenye Chrome, baada ya kushtakiwa Marekani.

Na kama laptopu umekwisha kuiacha kwa fundi, nenda kaichukue leo kabla hajafunga. Ukiikuta amekwisha kuiwekea mfumo wake, usifungue barua pepe humo hata kwa kujaribu tu. Azima kompyuta ya mtu unayemwamini, ubadilishie nywila huko, uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako, ndipo uifute yako yote na kuanza upya.