Usikubali bushi zikazwe gari likiwa juu ya jeki

Nina Land Cruiser pikapu, ile ya mkonga, injini 1HZ. Inapeleka saruji, mabati na mafuta ya kupikia kutoka Arusha hadi Loliondo kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero. Aliyepita njia hiyo anaijua. Chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai vumbi ni laini kama unga, na kuna vipande virefu ambapo barabara imejikunja kama bati. Kwa hiyo bushi za mbele, ile mipira ya kwenye mikono inayoishika ekseli, zilipokwisha mara ya kwanza sikushangaa. Zilipokwisha mara ya pili, miezi minne baadaye, nikalaumu spea. Mara ya tatu nilikuwa nimefunga orijino, kwa pesa niliyoikopa, nazo hazikufika miezi mitano.

Hiyo mara ya tatu nilikuwa nimeshamaliza vumbi, niko kwenye lami kuelekea Makuyuni, mwendo kama 80. Tairi la kushoto likakanyaga kishimo kidogo tu, usukani ukaanza kupiga kulia na kushoto kwa nguvu mpaka vidole gumba vikaniuma siku mbili. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani bila kushindana nao, mwendo ukashuka taratibu hadi gari likatulia. Utingo wangu hakusema neno mpaka tulipofika Makuyuni. Hapo ndipo nilipoamua kwamba sinunui bushi nyingine kabla sijajua kinachoziua.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye ameshughulika na magari haya tangu yale yaliyokuwa na springi za majani mbele. Kabla hajashika spana aliniuliza, "Kijana wangu, bushi hizi walizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki, mzee."

Akaguna. Akazitoa zote sita, maana kila mkono unaoishika ekseli una bushi mbili kwenye ekseli na moja kwenye chesisi, akazipanga juu ya gunia. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kila moja ilikuwa na ufa mahali pale pale, upande mmoja, na upande wa pili mpira bado mweusi na mzima. Barabara mbovu peke yake haichagui upande namna ile.

Bushi ni mpira ulioshikana na bomba la chuma katikati. Ukishakaza nati, bomba halizunguki tena, na kazi yote ya kupanda na kushuka kwa ekseli inafanywa na mpira kwa kujisokota. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unahesabu pale ndipo nyumbani. Ukishusha gari, tayari umesokoteka kabla hujatembea hata mita moja, na kila tuta linaloisukuma ekseli juu linaongeza juu ya msokoto huo. Mpira utabaki umesokoteka hivyo mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa.

Kwa hiyo sasa nasimamia mwenyewe. Boliti zinaingizwa, nati zinashikizwa tu, gari linashushwa likae kwa matairi yake manne, linasogezwa mbele na nyuma kidogo ili litulie, ndipo fundi anaingia chini na kukaza kabisa. Ni usumbufu, nafasi ni finyu, na mafundi wengi watakuambia haina tofauti. Ina tofauti. Seti niliyofunga siku ile ina kilomita 41,000 na haijapasuka.

Bushi hazikuwa peke yake, lakini. Mzee alipandisha tairi, akalishika juu na chini, akalitikisa: linacheza. Akaniambia nikanyage breki, akatikisa tena. Mchezo ukiisha ukishakanyaga breki, tatizo liko kwenye beringi za hab, kile kitovu ambacho tairi linazungukia. Ukibaki, ni beringi za kingpini, zile ambazo tairi linageukia ukikata kona. Wangu ulibaki. Alipofungua, grisi iliyokuwa ndani ilitiririka kama uji, na ilinuka oili ya difu, ile ya gia za katikati ya ekseli. Sili ya ndani ya ekseli, inayoizuia oili hiyo isitoke, ilikuwa imekufa, oili ikapita, ikaiyeyusha grisi, na vumbi la kule Ziwa Natron likapata njia. Beringi ya chini ilikuwa na vishimo vidogo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha. Ukiona unyevunyevu wa mafuta nyuma ya tairi la mbele, usiupanguse ukaendelea na safari. Fungua.

Na mimi nilichangia. Nilikuwa nimefunga rimu pana zinazotoa matairi nje ya bodi kwa sababu zilipendeza. Tairi likitoka nje, uzito unavuta beringi na kingpini kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Nimerudisha rimu za kiwandani na tairi za 7.50R16. Pia nilikuwa naingia kwenye vumbi na upepo ule ule wa lami. Siku hizi nikiwa sina mzigo mkubwa nashusha upepo hadi PSI 30, na mwendo unashuka pia.

Jambo moja linanikera sana. Usukani ukianza kupiga, wapo watakaokuuzia shokapu ya usukani na kukuambia umepona. Kwa wiki kadhaa utaamini. Shokapu ile inaficha mtikisiko tu, huku chini kinachocheza kinaendelea kuliwa, na siku kitakapokushinda utakuwa na abiria. Kwanza tafuta kiungo kinachocheza: gari likae chini kwa matairi yake, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, wewe uwe chini umeweka kiganja kwenye kila kiungo, tairodi (fimbo za usukani) moja moja, na mwisho wa ile fimbo inayotoka chesisi kwenda ekseli. Kiganja kinasikia kabla ya jicho.

Nati zote za mbele nimezichora mstari mmoja wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoishika. Kabla ya kutoka Mto wa Mbu nalala chini na tochi. Mstari ukiwa umekatika, nakaza hapo hapo. Mwezi uliopita mmoja ulikuwa umekatika kwa unene wa shilingi, mkono wa kulia, upande wa chesisi.