Mwendesha mashtaka kuchaguliwa, kisha eneo lake kukatwa

Uliuliza kama bunge la jimbo Marekani linaweza kumpunguzia eneo mwendesha mashtaka ambaye wananchi wameshamchagua. Linaweza, tena kwa sheria ya kawaida tu.

Tazama Georgia. Kanda ya mahakama ya Augusta, yaani eneo la mwendesha mashtaka mmoja, ilikuwa na kaunti tatu: Richmond, Burke na Columbia. Novemba 2020 Jared Williams akashinda kiti cha mwendesha mashtaka wa kanda hiyo, Mweusi wa kwanza kukishika. Wiki chache tu baadaye viongozi wa Columbia, yenye Wazungu wengi, wakaomba kujitenga. Bunge likapitisha, gavana Brian Kemp akasaini, na Julai 2021 Columbia ikawa kanda yake. Mwendesha mashtaka wake wa kwanza hakupigiwa kura, aliteuliwa na gavana.

Viongozi wa Columbia wenyewe walisema kaunti imekua na wanataka kusimamia gharama zao. Kukua kweli imekua, sibishi. Ila ilikuwa inakua miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuhama kabla ya kura za Novemba. Williams alibaki na kaunti mbili.