Polisi na Kikapu cha Mnunuzi

SWALI: Ndugu yangu aishiye Uingereza anasema kwamba Aprili 2020, wakati wa zuio la korona, polisi walitishia kukagua manunuzi ya watu. Je, sheria iliwaruhusu?

JIBU: Hapana. Kanuni zilizoanza kutumika England tarehe 26 Machi 2020 zilimkataza mtu kutoka nyumbani bila sababu ya msingi, na kununua mahitaji kama chakula kulikuwa sababu halali. Lakini hazikumzuia aliyefuata mkate kuongeza chokoleti ya Pasaka. Polisi aliweza kumwamuru mtu arudi nyumbani au kumtoza faini ya pauni 60. Mkuu wa polisi wa Northamptonshire, aliyedokeza ukaguzi wa vikapu, aliifuta kauli yake upesi, na ilimpasa. Wales, Oktoba mwaka huohuo, bidhaa zisizo za lazima zilizuiwa kweli madukani, ingawa katazo lilimbana muuzaji.