Barua kwa mwanangu: kwacha, jogoo na kanga

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mnakwenda Zambia wanafunzi kumi na wanne, mtakaa wiki nzima majumbani mwa watu huko Kasama, na unaniuliza: mwenyeji akikulisha na kukulaza, umpe kiasi gani bila kumvunjia heshima?

Hesabu hiyo mimi niliikosea Mpika, kwenye reli hiyo hiyo ya TAZARA inayopita Kasama. Ilikuwa Juni 1996, tunatoka Dar kwenda kuona Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria. Treni ilisimama alfajiri, nikasikia mama mmoja dirishani ananadi vitumbua. Siku mbili nilikuwa nakula mkate mkavu! Nikashuka. Kumbe vitumbua vya Zambia ni vya ngano, viduara kama kaimati ambazo hazijatiwa shira. Nilipokuwa nimesimama navishangaa, treni ikaondoka na begi langu, pasipoti yangu na wenzangu wote. Kosa langu mwenyewe, na babu yako hakuwahi kuambiwa.

Mkuu wa stesheni alijua Kiswahili, maana reli ile ni ya nchi mbili na wafanyakazi wake wamechanganyika. Akapiga simu stesheni za mbele, mwalimu wetu akajibu niwafuate na treni ijayo. Siku tatu! Yule mama wa vitumbua hakuniuliza jina wala dini. Alinitwisha beseni lake, tukaenda kwake.

Mtoto wake alipiga magoti kuninawisha mikono. Ubwali wao ni ugali huu huu wetu, ila laini kidogo. Kitoweo kilikuwa kapenta. Kuonja tu, ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wale wa Kigoma. Na Kibemba, lugha yao, hakiko mbali nasi: inama ni nyama, inkoko ni kuku, umuntu ni mtu. Asante ni natotela, ishike hiyo kabla hujapanda basi. Usiku kule ni baridi kali. Alinipa blanketi, na asubuhi nikamkuta yeye na watoto wawili wamejibana chini ya moja.

Siku ya pili nikampa kwacha zote nilizobadilisha mpakani Nakonde. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga makofi taratibu kama wanavyoshukuru wao, nami nikajiona nimemaliza deni. Jioni akarudi na jogoo. Hela yangu nikaila mwenyewe, na firigisi wakanipa mimi.

Kwa hiyo usimpe noti ukiwa bado unakula kwake. Kama kikundi chenu kina fungu la chakula, viongozi wenu ndio wa kulikabidhi mapema, lisipite mikononi mwako. Wewe beba sukari, majani ya chai na sabuni, umkabidhi siku unayofika, kama unavyompelekea shangazi yako. Halafu ushike kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilimenya karanga za kuungia mboga mpaka vidole vikauma, na hapo ndipo alipoacha kunifukuza jikoni kwake. Mpaka leo naona karanga zile zilimfurahisha kuliko kwacha.

Kuondoka, nikamwachia kanga yangu. Kitenge chake hakikuwa na maandishi, akataka kujua yangu inasemaje. Mwanangu, ilisema "Hasidi hana sababu." Niliona haya, sikujua nitazame wapi. Ikabidi mkuu wa stesheni amfasirie. Alicheka hadi kofia ikamdondoka. Mama naye akacheka, akauliza kama kwetu zinauzwa nyingi za namna ile, maana ana jirani.

Treni ilipoanza kuondoka alikuwa ameshajifunga, anapita na beseni lake kichwani katikati ya wauzaji wenzake, maandishi kayaweka nyuma.

Mama yako