Maswali Yenu Kuhusu Sibiloi

Tangu niitaje hapa Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyo ufuoni mwa mashariki mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, maswali ya wapiga picha hayajakatika. Nayajibu machache.

Nina wikendi tu. Nitoke Nairobi Ijumaa, Jumatatu niwe kazini?

Kwa gari, sahau. Mpaka Marsabit ni lami, unateleza. Ukishaiacha ni mawe, mchanga na jangwa la Chalbi, ambalo mvua ikinyesha hugeuka tope la kumeza ekseli. Nendeni magari mawili, maji na mafuta ya akiba, spea zaidi ya moja. Kabla ya kuondoka, waulize askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hali ya njia na ya usalama.

Nitapata simba?

Ukitaka simba, Maasai Mara ipo. Sibiloi ina punda milia wa Grevy, choroa, swala twiga na nyamera, lakini wametawanyika na hawajazoea magari. Mamba na viboko wako ziwani. Mimi ningeacha lenzi ndefu ya kilo tatu nyumbani nikabeba pana, kwa sababu mwenye sura huku ni ardhi yenyewe.

Basi nipige picha ya nini?

Anza na miti iliyogeuka mawe. Magogo yamelala juu ya changarawe, ukiyatazama kwa karibu gome na nyuzi za mbao bado zinaonekana, ila ukiyagonga yanalia kama jiwe. Pale palikuwa na msitu mamilioni ya miaka iliyopita! Lala kifudifudi jua likiwa chini, kivuli kichore kila ufa. Saa sita mchana picha inatoka bapa, na joto linatetemesha upeo wa macho.

Kisha Koobi Fora, eneo la mabaki ya kale humo hifadhini. Huko ndiko mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kikosi cha mtafiti wa binadamu wa kale Richard Leakey, alikoona vipande vya fuvu la binadamu wa kale liitwalo KNM-ER 1470, la karibu miaka milioni 2. Fuvu lenyewe liko Nairobi, lakini mabaki ya tembo wa kale, kobe mkubwa na mamba yameachwa palepale yalipochimbuliwa, yakajengewa vibanda.

Na kwa kuwa uko ufuo wa mashariki, jua linazama ziwani mbele yako. Asubuhi linatoka mgongoni na kuyamulika maji. Hapo ndipo utaiona ile rangi ya kijani inayosifiwa.

Upepo je?

Ni mkali kweli, hasa usiku na asubuhi. Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimefungwa. Stendi ya kamera ining'inizie mfuko wa mawe. Vumbi kwenye kioo cha lenzi lipulizie kwanza kwa kipulizio. Ukifuta kwa shati unakwaruza.

Naweza kuokota kijiwe cha ukumbusho?

Hapana. Hata kipande cha ukubwa wa kidole kinalindwa na sheria.

Droni?

Bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha KWS, iache.

Wenyeji wanakubali kupigwa picha?

Wadasanachi, Wagabra na Waturkana hawana jibu moja. Salimia, kaa, omba kupitia kiongozi wa njia anayejua lugha yao, na kama kuna malipo yazungumzwe kabla kamera haijatoka mkobani. Akikataa mzee, usimvizie kwa mbali na lenzi, wanajua inachofanya.